Mahali pa Mtoto Kusomea: Mwongozo kwa Nyumba za Kupanga, za Milimani na za Ufukweni Hapa Mwanza

Kila muhula unapofunguliwa, wazazi wenzangu huniuliza maswali yale yale: je, ni lazima ninunue meza mpya, tunaishi watu sita katika chumba na sebule, mtoto atakaa wapi, umeme ukikatika afanyeje, na kwa nini mtoto niliyemnunulia kila kitu bado anabeba daftari na kwenda kuandikia kitandani? Nimeyajibu mara nyingi mlangoni na kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na sasa nimeona ni vema kuyaandika kwa mpangilio, ili anayeanza leo aweze kuifanya kazi yote kwa siku moja ya Jumamosi.

Mahali pa kusomea panasimama juu ya mambo matatu: urefu wa kiti na meza unaolingana na mwili wa mtoto, mwanga unaofika kwenye daftari, na saa ambayo watu wote wa nyumba wanaiheshimu. Ukiyapata hayo kwa kigoda na ubao, mtoto wako atasoma. Ukiyakosa, meza ya bei kubwa itaishia kuwekewa nguo zinazosubiri pasi.

Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia, iwe ya fundi au ya mshona nguo.
- Meza yoyote uliyonayo, au ubao imara usiopungua sentimita 60 kwa 45.
- Kiti chenye egemeo, au kigoda.
- Kitu cha kuwekea miguu: tofali, ubao mnene au boksi gumu la mbao.
- Balbu ya LED ya wati 9, nyeupe, na taa moja ya kuchaji au ya sola.
- Wavu wa dirishani, hata kipande cha chandarua kikuukuu kilichofuliwa.
- Sanduku moja lenye mfuniko la kutunzia vifaa.
- Mtoto mwenyewe. Usiifanye kazi hii akiwa shuleni kwa nia ya kumshangaza, kwa sababu vipimo vyote vinatoka kwake.

Hatua kwa hatua

1. Kaa katika kila kona unayoifikiria, saa 10 alasiri na tena saa 2 usiku.

Usichague kona kwa kuiangalia ukiwa umesimama. Keti hapo kwa dakika kumi, katika nyakati zote mbili, usikilize na uangalie nani anapita, kwa maana kona iliyotulia mchana inaweza kuwa ndiyo njia ya kwenda uani usiku. Katika chumba na sebule, mara nyingi panapofaa ni ukuta ambao mtoto akikaa ataipa televisheni mgongo, mbali na mlango wa nje na mbali na jiko la mkaa, ambalo moshi wake huwasha macho na kumfanya mtoto asinzie.

Kwa wanaoishi milimani, kama Mabatini, Igogo na Isamilo, kuna jambo la ziada. Chumba kilichojengwa kikiegemea jiwe kubwa hupoa kwa kuchelewa, kwa sababu jiwe hunyonya joto mchana kutwa na kulirudisha polepole baada ya jua kuzama. Chumba hicho kinafaa asubuhi kuliko jioni. Jiwe hilo hilo, kwa upande wa nje, huweza kutoa kivuli kizuri cha alasiri, na sioni sababu ya kumfungia mtoto chini ya bati la moto wakati kuna kivuli na upepo wa ziwani hatua tano kutoka mlangoni. Kagua kwanza nyufa na mashimo kwa ajili ya nyoka na nge, fagia, kisha hakikisha mtoto anaingia ndani kabla giza halijaanza.

Kwa familia za wavuvi wa dagaa, hesabu ya kona hufuata mwezi. Siku za giza wavuvi hutoka usiku na taa zao, hurudi asubuhi, na baba hulala mchana. Siku za mbalamwezi hupumzika, na nyumba hujaa mazungumzo na redio jioni. Kwa hiyo usichague chumba cha kulala cha wazazi hata kama ndicho chenye utulivu leo, maana baada ya wiki mbili mambo yatakuwa yamegeuka. Chagua kona inayofaa katika vipindi vyote viwili, hata kama si bora kabisa katika kimojawapo.

2. Elekeza meza kwa kufuata jua.

Mwanza iko takribani nyuzi mbili na nusu kusini mwa Ikweta. Jua hupita karibu na utosi mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba, na hivyo madirisha ya kaskazini na kusini hutoa mwanga mtulivu, wakati dirisha la magharibi hupigwa na jua kali saa ile ile ambayo mtoto anatoka shuleni. Kama dirisha lako pekee ni la magharibi, tundika pazia jepesi jeupe linalopitisha mwanga na kuzuia miale; pazia zito litampa mtoto giza, na utalazimika kuwasha taa mchana.

Weka meza ubavuni mwa dirisha, isitazamane nalo wala kulipa mgongo. Mtoto anayeandika kwa mkono wa kulia apate mwanga kutoka kushoto kwake, na anayeandika kwa mkono wa kushoto apate kutoka kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie maandishi. Naomba mzazi yeyote anayesoma hapa asimlazimishe mtoto kubadili mkono ili afuate meza, geuza meza.

Jua huzama hapa kwetu kati ya saa 12 na nusu na saa 1 na dakika chache. Mtoto anayefika nyumbani saa 10 ana zaidi ya saa mbili za mwanga wa bure, na kazi ya kuandika na kuchora ifanywe ndani ya muda huo, huku kusoma kwa sauti na kukariri kukibaki kwa ajili ya usiku.

3. Mpime mtoto.

Mvalishe ndala anazovaa nyumbani, mkalishe wima, kisha pima mambo mawili: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, ambacho ndicho kimo cha kiti, na kutoka kwenye kikalio hadi kwenye kiwiko, mkono ukining'inia na kiwiko kikiwa kimekunjwa. Jumlisha vipimo hivyo viwili, uongeze sentimita moja au mbili, upate kimo cha meza. Ili uweze kulinganisha, hivi ndivyo vipimo vya samani za shule vinavyotumika Ulaya kwa watoto wa vimo mbalimbali:

- Mtoto wa takribani sentimita 115: kiti 31, meza 53.
- Mtoto wa takribani sentimita 130: kiti 35, meza 59.
- Mtoto wa takribani sentimita 145: kiti 38, meza 64.
- Mtoto wa takribani sentimita 160: kiti 43, meza 71.

Fuata kimo cha mtoto, si umri wala darasa. Watoto wawili wa darasa la nne wanaweza kupishana kwa kichwa kizima.

Nalisisitiza hili kwa sababu lilinigusa nyumbani. Mwanangu wa kwanza nilimwekea meza ya watu wazima na kiti cha watu wazima, na kila baada ya robo saa alikuwa anapiga magoti juu ya kiti, anashuka, anapanda tena. Nilimwita mvivu kwa karibu mwaka mzima. Siku nilipompima niligundua kuwa meza ilikuwa inamfika karibu na kwapa, miguu ikining'inia hewani, na kwamba kupiga magoti ndiyo njia pekee aliyokuwa nayo ya kuliona daftari vizuri. Nilimwomba radhi, na naomba wewe upime kabla hujakemea.

4. Rekebisha ulichonacho kabla hujanunua.

Meza nyingi za chakula zina kimo cha sentimita 75 na viti vyake 45. Tuchukue mtoto wa sentimita 130: kati ya kikalio chake na meza panatakiwa sentimita 24, kwa hiyo kikalio kiwe sentimita 51 kutoka sakafuni. Kiti kina 45, basi ongeza 6 kwa ubao uliofungwa mto mgumu au blanketi iliyokunjwa na kushonwa. Mto laini hauna faida, kwa kuwa hubonyea. Sasa miguu yake imepanda. Magoti yanahitaji 35, na 51 ukitoa 35 ni 16. Tofali la saruji la inchi 6 likilazwa lina karibu sentimita 15, na likivishwa kipande cha zulia linafaa kabisa kuwekea miguu.

Mtoto wa darasa la kwanza usimpandishe hivyo, maana atakuwa juu mno na kuanguka ni rahisi. Mpe meza fupi ya sebuleni, ambayo mara nyingi ina sentimita 45, pamoja na kigoda cha 22 au 23. Miguu yake itajikunja kidogo na hatapata egemeo, lakini kwa dakika ishirini za kuandika mwili wake hautaumia, hasa ukikiegemeza kigoda ukutani.

Sakafu za nyumba nyingi za milimani hazilingani. Meza inayocheza huharibu mwandiko na humchosha mtoto bila kujua kinachomchosha, kwa hiyo weka kipande cha ndala kuukuu chini ya mguu mfupi, kishikize kwa gundi, kisha jaribu kwa kuegemea kila pembe.

5. Ukienda kwa fundi seremala, nenda na namba.

Fundi ukimwambia "meza ya mtoto" atakutengenezea anayoijua yeye. Mpe karatasi yenye kimo, urefu na upana, na mweleze kuwa chini ya meza pasiwe na droo wala ubao wa kuzuia mapaja. Mbao za paina zinatosha. Kinachohitajika ni zikauke vizuri, zipigwe msasa mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa, na pembe ziviringwe. Mwombe pia miguu iwe mirefu kwa sentimita 10 kuliko unavyohitaji sasa, kisha aikate sehemu hiyo na kukupa vipande pamoja na skrubu zake. Mtoto akirefuka, utavirudisha. Usipake vanishi inayong'aa sana, kwa kuwa hurudisha mwanga machoni.

Katika chumba kimoja, ubao wenye bawaba unaokunjwa ukutani huokoa nafasi, lakini kama umepanga, ongea na mwenye nyumba kabla hujatoboa ukuta.

6. Funga mwanga wa usiku na uujaribu.

Balbu ya LED ya wati 9 katikati ya dari hutosha chumba kidogo, lakini mara nyingi mtoto anayekaa akitazama ukuta huipa balbu mgongo, na kichwa chake kinatia giza daftari. Jaribio ni rahisi: mkalishe, mpe penseli aandike mstari mmoja, kisha tazama kivuli. Kikiwa cheusi na kiko pale anapoandika, sogeza meza au balbu. Taa ndogo ya mezani, iwekwe upande usio wa mkono wa kuandikia, kofia ya taa ikiwa chini kidogo ya usawa wa macho ya mtoto, humaliza tatizo hili. Hata hivyo taa ya chumba isizimwe, kwa sababu macho huchoka yanapotoka kwenye weupe mkali kuingia gizani kila anapoinua kichwa.

7. Andaa mwanga wa akiba.

Umeme utakatika, au LUKU itaisha saa 2 usiku. Taa ya sola au ya kuchaji iwe na mahali pake pa kudumu, na iwe ya kusomea tu. Ikianza kutumika uani na jikoni, haitakuwa na chaji siku ya haja. Kibao cha sola kianikwe asubuhi mahali ambapo kivuli cha jiwe au cha mti hakifiki mpaka jioni, kipanguswe vumbi kila wiki, na kiingizwe ndani kabla ya usiku.

Koroboi na mshumaa visitumike mezani kwa mtoto. Moshi wa mafuta ya taa huingia mapafuni kwa karibu kabisa, mwali wake unacheza, na moto ukigusa pazia au chandarua hakuna anayewahi. Huu ndio upande ambao sina nafasi ya kulegeza.

8. Zuia mbu na wadudu wa ziwani.

Mbu wa malaria huuma kuanzia jioni na usiku, saa zile zile za masomo, na miguu iliyo chini ya meza ndiyo inayoumwa zaidi, na mtoto haioni. Weka wavu dirishani, umpe soksi na suruali ndefu, na panga meza mbali na nguo zilizotundikwa, ambako mbu hujificha. Wale wadudu wadogo wanaopanda juu ya ziwa kama moshi, na ambao huzidi karibu na mwezi mwandamo, hawaumi, lakini hufuata taa na kumwagika kwenye daftari. Usiku wa namna hiyo funga madirisha upande wa ziwa na uzime taa ya nje iliyo karibu na mlango.

9. Weka vifaa vyote ndani ya sanduku moja.

Penseli tatu zilizochongwa, kichongeo, kifutio, rula, kalamu, madaftari, na karatasi chakavu za kufanyia hesabu. Kila anachokwenda kukitafuta kinamwondoa mezani, na akiondoka hupita kwa wenzake. Kwa nyumba ambazo meza ni ile ile ya kulia chakula, sanduku hili ndilo linalogeuza meza kuwa ya masomo: likifunguliwa sahani zimeondoka, likifungwa somo limekwisha.

10. Panga saa, na uwatangazie watu wazima kwanza.

Mtoto arudi, anywe uji, acheze au achote maji, kisha aketi saa ile ile kila siku. Kwa darasa la kwanza na la pili dakika 15 hadi 20 kwa mara moja zinatosha. Kwa darasa la tatu hadi la tano, 25 hadi 30. Mtoto anayejiandaa kwa mtihani wa darasa la saba anaweza kufika 40 kabla ya kusimama. Akisimama, atoke nje atazame mbali, ziwani au mlimani, macho yapumzike. Katika muda huo televisheni inazimwa, simu za wakubwa zinapokelewa nje, na hakuna anayemtuma mtoto dukani. Shangazi au mjomba akija kutembea, mwambie mapema na kwa heshima. Wengi hukubali wakielezwa.

Makosa ninayoyaona mara kwa mara

Kosa la kwanza ni kumpa mtoto meza iwe ya adhabu, yaani akikosea anaambiwa "nenda kakae mezani kwako". Baada ya wiki mbili atapachukia. La pili ni kujaza ukuta ulio mbele yake picha, kalenda na mabango mpaka macho yasipate pa kutulia. Bango moja la jedwali la kuzidisha linatosha, na libadilishwe akishalijua. La tatu ni kuunganisha soketi moja na pasi, televisheni, chaja nne na taa ya mtoto, kwa waya unaopita chini ya zulia. La nne ni kupima mara moja na kusahau. Pima tena kila Januari na kila Julai.

Mambo yakikwama

*Anasinzia dakika tano baada ya kukaa.* Angalia joto na njaa kabla ya tabia. Chini ya bati lisilo na dari, saa 10 alasiri ni moto. Mhamishie nje kivulini au usogeze muda hadi saa 11 na nusu. Kama anasinzia hata asubuhi, hapati usingizi wa kutosha usiku.

*Anainamia daftari mpaka pua inakaribia karatasi.* Umbali mzuri ni kama urefu kutoka kiwiko chake hadi kwenye ngumi. Ongeza mwanga, rekebisha kiti, na asipobadilika ndani ya wiki mbili mpeleke akapimwe macho. Usingoje mwalimu akuambie.

*Mvua ikinyesha juu ya bati hasikii hata ninachomsomea.* Wakati wa vuli na masika weka akiba ya kazi za kimya, kama hesabu, mwandiko na kuchora ramani, ili mvua ikianza abadilishe kazi bila kuondoka mezani.

*Watoto wawili, meza moja, ugomvi kila siku.* Wakalishe upande mmoja badala ya kutazamana, na anayeandika kwa kushoto akae pembe ya kushoto ili viwiko visigongane. Gawa meza kwa mstari wa utepe wa gundi. Kama mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anahesabu, wapishanishe kwa nusu saa.

*Kila kitu kiko sawa, lakini bado anakwenda kitandani na daftari.* Kaa naye. Chukua kazi yako, hata kama ni kuchambua mchele au kuandika hesabu za duka, uifanye pembeni ya meza yake kwa jioni saba mfululizo bila kumsahihisha wala kumhoji. Watoto wengi wanaokimbilia kitandani wanakimbia upweke wa ile kona, na wakishazoea kuwa pale pana mtu, huendelea kukaa hata siku utakayokuwa jikoni.